Kupanda Mont Ventoux kwa baiskeli kutokea Bédoin bila kuchemsha njiani: mwongozo kamili

Kila kiangazi napokea meseji zile zile. Mtu kafunga safari kutoka Ujerumani au Uholanzi au Uingereza, kafika Provence kusini mwa Ufaransa, baiskeli safi, jezi mpya, kaanza kupanda vizuri kabisa, halafu huko msituni kwenye kilomita ya tisa au ya kumi miguu inagoma, anashuka, anasukuma baiskeli kama muuza mkaa. Na wengi wao sio wazembe hata kidogo, ni watu wanaonyonga kilomita 100 kila Jumapili.

Nikiwauliza maswali mawili tu jibu linapatikana. La kwanza, gia yako nyepesi kabisa ilikuwa na meno mangapi? La pili, kilomita sita za mwanzo ulikwenda spidi gani? Ventoux watu wanaipoteza pale chini kwenye mashamba ya mizabibu, kabla mlima wenyewe haujaanza, ila bili inaletwa msituni.

Kwa hiyo hapa historia ya mlima tunairuka, tunaenda moja kwa moja kwenye kazi.

## Unachokwenda kukutana nacho

Kutoka kijiji cha Bédoin, ambacho kiko kwenye mita kama 300 juu ya usawa wa bahari, mpaka kileleni kwenye mita 1,910 hivi, ni kilomita 21 na nusu. Wastani wa mwinuko ni asilimia 7.5, yaani kila mita 100 za barabara unapanda mita saba na nusu. Huo wastani usikudanganye. Barabara imegawanyika vipande vitatu ambavyo havifanani kabisa:

- Bédoin mpaka kona ya Saint-Estève: kama kilomita 6, mwinuko wa asilimia 4 hadi 5. Mtelezo.
- Saint-Estève mpaka Chalet Reynard: kilomita 9 na kitu za msitu, wastani asilimia 9 na sehemu zinazopita 10. Hakuna pa kupumzikia.
- Chalet Reynard mpaka kileleni: kilomita 6 za mawe meupe, miti hamna, upepo unavyotaka.

Kuna barabara nyingine mbili. Ya Malaucène upande wa kaskazini-magharibi ni ngumu karibu sawa na hii. Ya Sault upande wa mashariki ni ndefu, kilomita 26, lakini wastani wake ni asilimia 4 na nusu hivi na inakuja kuungana na hii yetu pale Chalet Reynard. Kumbuka hiyo ya Sault, tutairudia.

## Vitu vya kuwa navyo

Baiskeli ya barabarani yenye breki nzima na gia nyepesi, nitaeleza nyepesi ni ipi. Kama unakodisha, Bédoin kuna maduka ya kukodisha, ila waandikie mapema uulize idadi ya meno, usiulize rangi.

Tairi za milimita 28, presha karibu 70 psi kwa mtu wa kilo 75. Rimu za kaboni zenye breki za mpira ziache nyumbani, sababu iko kwenye hatua ya kushuka.

Chupa mbili za maji, kila moja mililita 750. Chakula cha mfukoni cha saa tatu.

Koti jepesi la upepo, glavu ndefu na mikono ya kuvaa na kuvua, hata kama ni Julai na Bédoin jua linachoma. Watu wanaona naongea vitu vya baridi katikati ya kiangazi wanacheka, halafu wanatetemeka.

Tyubu mbili, pampu, vijiti vya kubandulia tairi, funguo ndogo za baiskeli, taa ya nyuma, helmeti, simu yenye chaji (namba ya dharura ni 112), kadi ya benki na euro chache.

## Hatua ya 1: Jipime kabla hujakata tiketi

Hiki ndo kipimo pekee ninachokiamini: unapanda mita ngapi za kwenda juu kwa saa moja? Achana na spidi ya tambarare.

Tafuta mlima wowote, hata wa kurudiarudia, panda kwa mwendo ambao ungeweza kuendelea nao, hesabu kwenye saa au simu umepanda mita ngapi. Ventoux kutoka Bédoin ni mita 1,600 za kupanda. Ukiweza 650 kwa saa utafika kwa saa mbili na nusu, ambao ni muda mzuri tu kwa mtu wa kawaida. Ukiwa chini ya 500 kwa saa, mahesabu yanasema zaidi ya saa tatu na dakika 12 bila kushuka, na hapo mi nakushauri waziwazi, anzia Sault. Kilele ni kile kile, na zile kilomita 6 nyeupe za mwisho utazipitia vile vile.

Kwa walioko nyumbani, barabara ya kutoka Bonde la Kerio kupanda Iten kupitia Tambach ni kipimo kizuri mno, ndefu na kali, na Iten yenyewe iko juu kuliko kilele cha Ventoux kwa hiyo hata pumzi unakuwa umeshaizoesha. Mombo kwenda Lushoto nayo inafaa kwa mazoezi, ila mwinuko wake ni mpole zaidi, usije ukaimaliza ukasema Ventoux nimeshaiweza.

Utajua uko tayari: umepanda mita 600 na kitu ndani ya saa, na umeshuka kwenye baiskeli ukiwa unaweza kuongea.

## Hatua ya 2: Gia, gia, gia

Twende na hesabu kidogo maana hapa ndo watu wananibishia.

Kwenye msitu mtu wa kawaida anakwenda kilomita 7 mpaka 8 kwa saa. Sasa chukua kilomita 8 kwa saa. Ukiwa na meno 34 mbele na 32 nyuma, miguu inazunguka mara 60 kwa dakika. Ukiwa na 34 mbele na 28 nyuma inazunguka 52. Na ukija na ile baiskeli ya mashindano ya zamani yenye 39 mbele na 25 nyuma, unazungusha kama mara 40 kwa dakika, yaani kila pedeli ni kama unapanda ngazi umebeba gunia, kwa zaidi ya saa nzima. Mapaja gani yatakubali hiyo?

Kwa hiyo: 34 mbele na 34 nyuma. Ukipata 36 nyuma chukua, hakuna atakayekucheka, na akikucheka utampita msituni. Chini kabisa kubali 34 kwa 32. Zile baiskeli za changarawe zenye gia nyepesi zaidi ya hapo nazo zinafaa sana, badilisha tairi tu weka laini.

Onyo moja kwa wanaobadilisha kaseti (ile seti ya gia za nyuma) wenyewe: kaseti kubwa inataka cheni ndefu, na ile mikono ya kuhamisha cheni huko nyuma ina kikomo cha meno inayoweza kubeba. Mpe fundi akuangalizie, halafu jaribu gia zote barabarani wiki mbili kabla. Cheni ikirukia ndani ya spoku kwenye mwinuko wa asilimia 10 unakwenda chini wewe na baiskeli.

Dalili kwamba imekaa sawa: kwenye mlima mkali wa kwenu unaweza kukaa kitini, ukazungusha mara 60 au zaidi kwa dakika, magoti hayalalamiki.

## Hatua ya 3: Wiki nane za mazoezi

Hii nitaenda haraka. Wiki inakuwa na siku tatu. Siku moja vipande virefu: dakika 20 za nguvu ya kati, pumziko dakika 5, mara tatu. Kama unaishi Uholanzi ambako mlima ni daraja, tumia upepo wa mbele na gia nzito kidogo, au baiskeli ya ndani. Siku ya pili saa moja taratibu. Wikiendi saa tatu mpaka nne, na humo ndani ujifunze kula ukiwa unanyonga, maana tumbo nalo linafanyishwa mazoezi.

Sababu ya vipande virefu ni kwamba mlima huu hauna pa kuachia. Kwenye barabara za kawaida unanyonga, unaachia, unanyonga. Msitu wa Ventoux hauachii, na misuli ambayo haijawahi kukaa dakika 70 bila kupumzika inashtuka.

Wiki ya mwisho punguza. Usijaribu kufidia wiki ulizotega.

## Hatua ya 4: Chagua siku, na uangalie upepo wa juu sio wa kijijini

Barabara ya kileleni inafungwa na theluji wakati wa baridi, kwa kawaida kuanzia Novemba mpaka majira ya kuchipua. Miezi mizuri ni mwisho wa Mei, Juni na Septemba. Julai na Agosti kunapandika, ila joto na magari ni mengi.

Adui mkubwa hapa ni mistral, ule upepo wa kutoka kaskazini unaoshuka kwenye bonde la Rhône. Mwaka 2016 ulivuma kiasi kwamba waandaaji wa Tour de France walikatisha mbio, wakamalizia Chalet Reynard badala ya kileleni. Na siku hiyo hiyo ndo Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundishwa kunyonga na David Kinjah kule Kikuyu, alipogongana na pikipiki, baiskeli ikavunjika, akaonekana anakimbia kupanda mlima kwa miguu na viatu vya baiskeli. Miaka mitatu kabla, 2013, alishinda hapo hapo juu kileleni. Wakenya wana haki ya kuuona huu mlima kama una kipande chao.

Turudi kwenye kazi. Fungua utabiri wa Météo-France, tafuta kilele cha Mont Ventoux chenyewe, usiangalie Bédoin. Angalia namba ya vipindi vya upepo mkali, achana na wastani. Kanuni yangu:

- Chini ya kilomita 30 kwa saa: nenda.
- 30 mpaka 50: nenda ukiwa na akili, ishia Chalet Reynard kama baiskeli inayumba.
- Zaidi ya 50: kanywe kahawa Bédoin, panda kesho. Kwa hiyo weka siku mbili za akiba kwenye safari yako, usije na siku moja tu halafu ukajilazimisha.

Radi mchana wa Julai na Agosti ni jambo la kawaida milimani. Ukiona mawingu meusi yanajikusanya na wewe uko kwenye yale mawe, pale wewe ndo kitu kirefu kuliko vyote, geuza.

Kufika: treni mpaka Avignon, kisha treni ya mkoa mpaka Carpentras ambayo baiskeli inaingia bila kuvunjwa, kisha unanyonga kilomita 15 hivi mpaka Bédoin. Kwenye treni za kasi mara nyingi baiskeli inatakiwa ifunguliwe iwekwe kwenye begi, au ukate nafasi yake mapema.

## Hatua ya 5: Asubuhi yenyewe

Kula saa mbili na nusu au tatu kabla. Uji, mkate na asali, ndizi, wali mweupe ukipenda, kitu unachokijua. Sio siku ya kujaribu vitu vya hotelini vyenye siagi nyingi. Mandazi mawili hayana shida, saba ni shida.

Njiani lenga gramu 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ina kama 25, tende kubwa moja kama 15, kwa hiyo ndizi na tende mbili na nusu ni saa moja imeisha. Kashata za karanga ni tamu ila mafuta yake yanakaa tumboni muda mrefu, zihifadhi za kileleni. Kwenye chupa moja weka maji na sukari na chumvi kidogo, nyingine maji matupu.

Jaza chupa zote mbili Bédoin. Juu huko kuna chemchemi njiani baada ya Chalet Reynard lakini wakati wa ukame usiitegemee, na kati ya Saint-Estève na Chalet Reynard usitegemee kupata tone.

Kwenye Julai uwe umeshaanza kunyonga saa moja asubuhi. Msituni hakuna upepo, joto linakaa pale pale, na nzi wanakufuata kwa sababu unakwenda polepole kuliko wao.

Onyo: hakuna vidonge vya nguvu, hakuna vinywaji vya kusisimua vya ajabu ajabu. Mwaka 1967 Tom Simpson, mnyongaji wa mashindano wa Uingereza, alifia kwenye mlima huu akiwa amebakiza kilomita moja na kitu, joto kali, mwili umekauka, na uchunguzi ulikuta amfetamini (dawa ya kusisimua) na pombe mwilini. Jiwe lake la kumbukumbu utalipita.

## Hatua ya 6: Bédoin mpaka Saint-Estève, kilomita za kujizuia

Hapa ndo mahali pa kusoma mara mbili.

Barabara ni D974. Unatoka kijijini, pembeni mizabibu na micheri, unapita vijiji vidogo vya Sainte-Colombe na Les Bruns. Miguu mipya, kahawa inafanya kazi, watu wanakupita, mlima unauona kule juu na mnara wake, moyo unasema twende. Usiende.

Kaa kwenye kilomita 14 au 15 kwa saa, labda 13 kama wewe ni mzito. Kipimo ni mdomo: uweze kusema sentensi nzima bila kukatiza ukavuta pumzi. Uko na mwenzio? Pigeni stori. Uko peke yako? Imba, kimoyomoyo hakuhesabiki.

Sababu yake ni hii. Mtu na baiskeli wakiwa kilo 85 kwa pamoja, kwenye asilimia 9 kwa kilomita 8 kwa saa wanahitaji kama wati 180. Kwa kilomita 10 kwa saa ni kama 225. Tofauti ya kilomita mbili tu kwa saa, lakini kwa mtu wa kawaida hiyo ndo tofauti kati ya mwendo wa saa mbili na mwendo wa dakika 20. Ukifika msituni tayari umeshachoma akiba, hiyo 180 yenyewe unaiona kama 225. Na hauwezi kupunguza tena, maana chini ya kilomita 6 kwa saa baiskeli inaanza kuyumba kama ya mtoto anayejifunza.

Pembeni mwa barabara kuna mawe ya kilomita yenye kichwa cha njano, yanakuambia umebakiza ngapi, uko mita ngapi juu, na mara nyingi mwinuko wa kilomita inayofuata. Yazoee hapa chini yakiwa bado rafiki.

Kula kitu dakika tano kabla ya Saint-Estève, hata kama huna njaa. Msituni utakuwa unahema sana kutafuna itakuwa kazi.

Umefanikiwa ukiona: umefika kwenye kona baada ya dakika 23 mpaka 26, watu kama kumi hivi wamekupita, na unajisikia kama hujaanza. Ukijisikia umeshafanya mazoezi, umekosea.

## Hatua ya 7: Msitu

Kona ya Saint-Estève inakata kushoto na papo hapo barabara inasimama wima. Badilisha gia kabla ya kona, ukiwa bado unazungusha kwa ulaini. Ukingoja mpaka umebanwa ndo uhamishe, cheni inalia kra kra kra, inagoma, na ndo zinavyokatika.

Weka gia nyepesi kuliko zote, uisahau. Sahau pia kuangalia spidi, utaona 7 utajisikia vibaya bure. Lenga mizunguko 60 mpaka 70 kwa dakika.

Kaa kitini, mikono juu ya usukani sehemu ya bapa, viwiko vilegee, kifua wazi. Kila baada ya dakika tano hivi simama kwenye pedeli mizunguko ishirini, sio kwa ajili ya kukimbia, ni kwa ajili ya mgongo na makalio, na ukitaka kusimama panda gia moja nzito kwanza maana ukisimama kwenye gia nyepesi sana miguu inapwaya. Kisha rudi.

Kwenye kona chukua upande wa nje ambako mwinuko ni mdogo, kama hakuna gari. Zigizaga za barabara nzima usifanye, kuna magari na pikipiki zinazopanda na wengine wanaoshuka kwa spidi ambazo hawatakuona.

Maji funda mbili tatu kila dakika kumi. Tende moja kila robo saa, weka shavuni iyeyuke yenyewe.

Kichwani gawanya. Usiseme nimebakiza kilomita tisa. Sema jiwe linalofuata. Msitu hauna cha kuangalia, mialoni na mierezi tu pande zote, kilele hukioni, kwa hiyo kichwa kinaanza kubishana na wewe. Hiyo ni kawaida, inampata kila mtu, na kwa wengi inakuwa mbaya zaidi katikati ya msitu, kilomita ya kumi hadi ya kumi na mbili.

Ukiona umezidiwa kweli, pumzi haikai au kizunguzungu, simama. Hakuna sheria inayokataza. Ila simama kabla ya kupasuka, dakika tatu, kivulini, mguu mmoja chini, kula, kunywa, endelea. Kuondoka tena kwenye mwinuko: geuza baiskeli ikae mshazari na barabara, angalia nyuma kwanza, funga mguu mmoja, sukuma, kisha mwingine. Watu wengi wanaanguka hapo, sio kwenye kunyonga.

Onyo: baridi mwilini wakati kuna joto, vinyweleo kusimama, jasho kukata ghafla. Hizo ni dalili za mwili kuzidiwa na joto. Kaa chini, jimwagie maji, na siku yako imeishia hapo.

Umefanikiwa ukiona: miti inaanza kuwa mifupi, mwanga unaongezeka, na unatokea kwenye uwanja wenye mgahawa. Saa yako inasoma kama saa moja na dakika 40. Hiyo ndo Chalet Reynard, mita 1,400 na kitu.

## Hatua ya 8: Chalet Reynard, maamuzi

Jaza maji. Vaa ile mikono. Angalia juu.

Hapa ndo mahali pa kuamua, sio kilomita mbili mbele. Bendera au miti inapinda? Wanaoshuka wameshika usukani kwa nguvu na nyuso zimekunjamana? Waulize, hata kwa ishara. Ukigeuza hapa umeshapanda mita 1,100, na unaweza kurudi kesho ukaja kwa upande wa Sault.

Kikao kisizidi dakika kumi. Ukikaa nusu saa na sahani ya chipsi, miguu inaganda.

## Hatua ya 9: Kilomita sita nyeupe

Mwinuko unapungua kidogo, asilimia 7 mpaka 8 sehemu nyingi, na mwanzoni ni mpole zaidi. Ile rangi nyeupe uliyoiona kutoka chini ukadhani theluji ni mawe ya chokaa, na jua linarudi kutoka kwenye mawe hayo likupige usoni, kwa hiyo miwani na krimu.

Mnara unauona muda wote. Huo ndo mtego. Unaonekana uko karibu kwa nusu saa nzima na hausogei. Angalia mita kumi mbele ya tairi, mnara usiuangalie.

Upepo unabadilika mwelekeo kila kona: hapa unakupiga usoni, pale ubavuni. Ukiwa wa usoni, shusha mikono, inama, punguza spidi, usishindane nao. Ukiwa wa ubavuni, acha nafasi mita moja kutoka ukingo wa barabara ili ukisukumwa uwe na pa kusukumwa.

Kilomita moja na nusu hivi kabla ya mwisho, kulia, liko jiwe la Simpson. Wanyongaji wanaacha chupa na kofia pale. Mimi nashauri usimame ukiwa unashuka, maana kuondoka tena kupanda kutoka pale ni taabu. Halafu unapita Col des Tempêtes, jina lake ni la dhoruba na halidanganyi, upepo unaruka ukingo wa mlima kutoka kaskazini bila hodi, shika usukani kabla hujafika.

Mita mia chache za mwisho zinapanda tena kufika asilimia 10, na kona ya mwisho kabisa ya kulia ni kali. Hapo sasa kama umebakiza kitu kitoe chote.

## Hatua ya 10: Juu, robo saa tu

Vaa koti kwanza, picha baadaye. Umelowa jasho, kilele kina baridi kuliko Bédoin kwa nyuzi 10 hivi kwa sababu ya urefu tu, na bado hatujaweka upepo. Jezi ya akiba kama unayo, badilisha. Gazeti ndani ya jezi ni ujanja wa wazee na unafanya kazi mpaka leo.

Sasa kashata.

## Hatua ya 11: Kushuka, ambako ndo hatari yenyewe

Kupanda kunakuchosha, kushuka kunaweza kukuua, na bado watu hawaniulizi kuhusu kushuka.

Kabla ya kuondoka bana breki zote mbili uone hazigusi usukani. Zungusha magurudumu. Kama vidole vimeganda huwezi kuhisi breki, subiri, vipashe joto kwapani.

Spidi inapanda haraka sana, kwenye msitu 60 kwa saa inakuja bila kunyonga. Breki unazitumia hivi: unafunga kwa nguvu muda mfupi kabla ya kona, mbele na nyuma pamoja, kisha unaachia zipoe, halafu kona unaingia bila breki ukiangalia unakotokea. Kuburuza breki kidogo kidogo kilomita 20 nzima kunachemsha rimu, tyubu inaweza kupasuka, na rimu ya kaboni inaweza kulainika ikaharibika. Disiki nazo zinachemka, ukisikia harufu ya kuungua au mkono wa breki unazama, simama. Chalet Reynard ni mahali pazuri pa kupoza. Usiguse rimu wala disiki kwa kidole kujaribu, utaacha ngozi.

Baiskeli ikianza kutetemeka usukani, usiubane kwa mikono. Bana fremu kwa magoti, inua makalio kidogo, punguza spidi taratibu na breki ya nyuma.

Kaa upande wako wa kulia kwenye kona zisizoonekana mwisho. Kuna kondoo, kuna magari ya kulala watu yanayochukua barabara nzima, kuna mwenzio anayefanya ile zigizaga niliyokukataza.

Unaweza pia kushukia Malaucène: barabara ni pana, ina kasi, kona zinaonekana vizuri, na ukifika chini unarudi Bédoin kwa kupitia Col de la Madeleine, kilima kidogo cha mita 448 kama kilomita 12 hivi. Kwa mtu anayeogopa kushuka msitu wenye watu wengi naona hii ni bora, mradi uwe umebakiza maji na ndizi moja, maana miguu itakuwa imesahau kazi na hicho kilima kidogo kinaitukana kwelikweli. Ukishukia Bédoin, ile kona ya Saint-Estève inakuja ghafla upande wa kulia baada ya mteremko mrefu wa moja kwa moja. Anza breki ukiona msitu unafunguka, usingoje kuiona kona.